Anzia Maabara, Si Ukumbini: Mwongozo Kamili wa Kuratibu Kozi za Sayansi Chuoni, Mombasa

Barua ya kumteua mratibu wa kozi huwa fupi. Itasema utasimamia yuniti za mwaka wa kwanza na wa pili, utaripoti kwa mwenyekiti wa idara, basi. Haisemi kwamba kuanzia hapo wewe ndiye utakayepigiwa simu mfereji ukikauka maabara, mhadhiri wa muda asipotokea, au mwanafunzi wa mwaka wa nne akigundua hana maksi za kemia ya mwaka wa kwanza. Mwongozo huu ni wa aliyepewa barua hiyo juzi, awe wa kemia, biolojia, fizikia au sayansi ya bahari, katika chuo chochote cha hapa Mombasa. Mifano mingi ni ya kemia kwa kuwa ndiyo kazi yangu, lakini mpangilio ni ule ule.

Msimamo wangu niuseme mapema. Ratiba ya sayansi hujengwa kuanzia maabara, kisha mengine yote yakafuata. Waratibu wengi hufanya kinyume: hugawa kumbi na saa za wahadhiri kwanza, halafu vipindi vya maabara vikasukumwa kwenye mapengo yaliyobaki. Ukumbi wa watu mia mbili unaazimika kutoka kitivo kingine. Maabara yenye gesi, maji na fundi haiazimiki popote.

Wiki nane kabla ya muhula: hesabu viti, vifaa na saa za fundi

Usiitegemee orodha ya vifaa iliyoko ofisini. Ile ni orodha ya vilivyonunuliwa, si ya vinavyofanya kazi. Ingia maabara pamoja na fundi mhesabu viti ambavyo mtu akikaa anafikia gesi na maji, bureti ambazo koki zake hazivuji, mizani zinazorudi sifuri, hadubini ambazo ukichungulia unaona kitu. Toka na namba tatu tu: viti, seti za vifaa kwa lile zoezi linalohitaji vingi zaidi, na saa za kazi za fundi kwa wiki.

Sasa piga hesabu. Tuseme una wanafunzi 180 wa kemia ya mwaka wa kwanza na maabara ya viti 36. Hayo ni makundi 5. Kila kipindi ni saa 3, kwa hiyo yuniti hiyo peke yake inakula saa 15 za maabara kila wiki. Fundi anahitaji angalau saa moja ya kuandaa kabla ya kila kipindi na nusu saa ya kuosha na kurudisha vitu baadaye, hivyo kwake ni saa 22 na nusu. Weka yuniti ya pili ya ukubwa huo: saa 45. Fundi ameshapita saa 40 za wiki ya kazi na hata chupa moja ya kemikali hajaichanganya. Na kama chuo chako kinafundisha stashahada na shahada pamoja, kama kifanyavyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, ambacho kilikuwa poli miaka mingi kabla ya kupata hati ya chuo kikuu mwaka 2013, uliza mapema kabisa madarasa ya stashahada yanachukua maabara siku gani.

Hesabu ikikataa, dawa ya kawaida ni kuongeza watu kwenye kila meza. Mimi siipendi. Wanne wakimzunguka mmoja anayeshika bureti, watatu wanajifunza kunakili namba. Afadhali makundi yapishane: wiki hii makundi A, B na C yako maabara huku D na E wakiwa darasani wakichambua data za zoezi lililopita, wiki ijayo wabadilishane. Mwanafunzi atafanya mazoezi matano au sita badala ya kumi, lakini kila moja atakuwa amelifanya kwa mkono wake.

Hapa pana sheria ya kuangalia. Vyuo vyetu huhesabu saa moja ya mhadhara kuwa sawa na saa mbili za mjadala au saa tatu za maabara, na mtaala uliopitishwa na Seneti na kuwasilishwa kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu una saa zake maalumu. Mratibu hawezi kupunguza saa za maabara kwa uamuzi wake mwenyewe. Unachoweza ni kubadili mgao: andika waraka wa ukurasa mmoja wenye hesabu kama ile ya hapo juu, upeleke kwenye kikao cha idara, uhakikishe uamuzi umeandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano. Siku wakaguzi wakija hutaulizwa ulifikiri nini, utaulizwa karatasi.

Neno moja kuhusu idadi. Orodha ya waliopangiwa kozi yako na KUCCPS si idadi ya watakaokaa maabara. Wengine hawaripoti, wengine huhama kozi, na wengine huja wiki ya nne karo ikipatikana. Panga kwa idadi ya orodha, lakini mgao wa makundi usiufunge hadi wiki ya tatu, na kila kundi liachie viti viwili vitatu vya wachelewaji.

Wiki sita kabla ya muhula: ratiba inayoujua mji huu

Ratiba nyingi tunazorithi zimeandikwa kana kwamba wanafunzi wote wanalala bwenini. Wengi wa Mombasa wanatoka nyumbani. Wa Likoni na Mtongwe wanasubiri feri asubuhi pamoja na mji mzima. Wa Kisauni, Bamburi na Mtwapa wanakwama kabla ya Daraja la Nyali. Wa Mikindani na Miritini wanakwama Changamwe. Mhadhara wa saa moja asubuhi mtu akichelewa dakika ishirini ameukosa utangulizi, ataazima daftari la mwenzake. Kipindi cha maabara akichelewa dakika ishirini amekosa maelezo ya usalama, na hupaswi kumruhusu aguse asidi. Kwa hiyo maabara ya kwanza ya siku ianze saa tatu, na saa moja na saa mbili ziwe za mihadhara.

Ijumaa, kuanzia saa sita hadi saa nane mchana, usiweke chochote: si mhadhara, si jaribio, si mtihani. Kipindi cha maabara kinachoanza saa tano Ijumaa nacho ni kosa, kwa sababu titresheni, kule kupima asidi kwa alkali tone kwa tone, haiachwi katikati kwa ajili ya swala. Jumamosi nayo isiwe siku ya mitihani ya kulazimisha, maana kuna Waadventista katika kila darasa kubwa. Ramadhani huja mapema kwa siku kama 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo ratiba iliyofaa miaka mitatu iliyopita leo haifai. Katika mwezi huo safari za nje na vipindi vya alasiri vya kusimama kwenye joto viondoe. Vipindi vya asubuhi huenda vizuri, tena mara nyingine kwa utulivu kuliko kawaida. Idd yenyewe iachie siku mbili, kwa kuwa mwezi ukiandama au usipoandama ratiba itavunjika tu.

Mvua za masika, Aprili na Mei, nazo zihesabu. Baadhi ya njia hujaa maji na nusu ya darasa haitafika. Zoezi lenye kemikali ghali kuliko zote usiliweke wiki hizo.

Ukishamaliza kupanga vipindi vya maabara ndipo uchukue saa zilizobaki uwape wahadhiri. Watalalamika. Mwonyeshe kila mmoja ile hesabu ya saa 45.

Oda ya kemikali, na hewa ya pwani

Vyuo vya umma hununua chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, na safari ya oda kutoka kwako hadi kwa msambazaji ni ndefu. Oda ya muhula ujao iandikwe muhula huu. Usiandike "sodiamu haidroksaidi, chupa 5" kwa mazoea. Piga hesabu kutoka kwenye zoezi. Jozi 90 za wanafunzi, kila jozi ikitumia mililita 100 za myeyusho wa 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), ni lita 9. Gramu 4 kwa lita, hivyo gramu 36. Ongeza asilimia 20 ya kumwagika na kurudia: gramu 43 hivi. Chupa moja ya nusu kilo inakutosha zaidi ya mwaka mzima, na hela za chupa nne ukazipeleka kwenye nitrati ya fedha, ambayo ndiyo inayomaliza bajeti.

Baadhi ya kemikali za kawaida kabisa, kama permanganati ya potasiamu na asetoni, zimo katika orodha za kimataifa za vitu vinavyoweza kutumika kutengeneza dawa za kulevya. Msambazaji akikudai barua rasmi yenye muhuri usidhani anakusumbua; iandae kabla hajaidai.

Kisha uhifadhi. Vitabu vyetu vingi viliandikwa na watu wa nchi za baridi. Vinaonya kwamba asidi asetiki kali huganda ikipungua nyuzi 17, onyo ambalo halijawahi kumfaa mtu yeyote Mombasa. Mambo ambayo havisisitizi ndiyo yanayotuhusu. Etha ya daiethili huchemka kwa nyuzi 34.6. Mchana wa Februari hapa joto la kivulini hufika 32 au 33, na stoo iliyoezekwa kwa mabati ikifungwa Ijumaa jioni hadi Jumatatu hupita hapo bila shida. Etha isikae stoo hiyo, na kama zoezi lake linaweza kubadilishwa, libadilishe. Isikae pia kwenye jokofu la kawaida la nyumbani, kwa kuwa swichi zake za ndani hutoa cheche na mvuke wa etha unashika moto upesi. Amonia kali nayo hujenga shinikizo chupani. Ifunguliwe ndani ya kabati la kufyonza mvuke, mdomo wa chupa ukielekea mbali na uso.

Unyevu ni adui mwingine. Punje za sodiamu haidroksaidi zikiwekwa kwenye mizani huanza kulowa ukizitazama, na uzito unaousoma ni wa maji pia. Kwa hiyo usimwamini mtu yeyote, hata fundi hodari, anayesema myeyusho ni 0.1 M kwa sababu alipima gramu 4. Ulinganishwe kila wiki na thaleti ya potasiamu haidrojeni, chumvi ambayo uzito wake unaaminika: gramu 0.51 zake zinamalizwa na mililita 25 za myeyusho ulio 0.1 M kamili. Namba halisi iandikwe kwenye chupa pamoja na tarehe. Wa biolojia wajue kuwa lenzi za hadubini huota ukungu, hivyo kabati liwe na taa ndogo inayowaka ndani au jeli ya silika, ile ya buluu inayogeuka pinki ikishiba maji, ambayo hukaushwa kwenye oveni ikarudi kazini. Na wa fizikia, mazoezi ya umemetuli yapeni chumba chenye kiyoyozi, la sivyo chaji zote zitapotelea kwenye hewa yetu na wanafunzi watatoka wakiamini kitabu kinadanganya.

Wiki moja kabla ya kila zoezi: lifanyeni ninyi kwanza

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo ningeitetea hata nikinyang'anywa nyingine. Fundi na mhadhiri mmoja wafanye zoezi zima, kwa vifaa vile vile, kwa maji yale yale, wakiandika namba kwenye fomu ile ile atakayopewa mwanafunzi.

Nasisitiza maji kwa sababu. Chukua zoezi la kutambua chumvi isiyojulikana. Darasa limepewa nitrati. Mwanafunzi anaweka myeyusho wake kwenye bomba la kioo, anaongeza asidi nitriki, kisha tone la nitrati ya fedha, na mara weupe kama maziwa unatanda. Anaongeza amonia, weupe unayeyuka. Anaandika: kloraidi. Jirani yake vilevile. Darasa zima linaandika kloraidi, na mhadhiri anaanza kushuku lebo ya chupa.

Fundi mzee wa maabara haangalii hata chupa. "Mwalimu, mabomba yamesuuzwa kwa maji gani?"

"Ya tangi."

"Na tangi limejazwa na boza la mjini, au ni kisima cha hapa nyuma?"

Ni kisima. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na matone yaliyobaki kwenye kuta za bomba yanatosha kabisa kuleta kloraidi pasipo na kloraidi. Suluhisho si gumu: suuzo la mwisho liwe la maji yaliyotoneshwa, na kila kundi lianze na bomba la ulinganisho lenye maji matupu, lisilo na sampuli. Bomba hilo likipata weupe, mnajua kabla hamjaharibu saa tatu. Lakini hakuna anayejua haya kama zoezi halijajaribiwa katika wiki ambayo mifereji imekauka. Mtambo wa kutonesha nao unahitaji maji mengi ya kupoza, kwa hiyo siku maji ya mfereji yapo ndiyo siku ya kutonesha ya wiki nzima. Weka madumu safi yenye lebo.

Katika jaribio hilo angalia pia muda. Zoezi likimchukua fundi saa moja na nusu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza litamchukua saa tatu nzima. Likimchukua fundi saa mbili, lipunguze.

Usalama utaje kila kipindi, kwa dakika tano: koti, miwani, viatu vya kufunika vidole. Ndala zitabaki nje ya mlango, hata kama mvua imeharibu viatu vyote. Kwa wanaovaa hijabu na buibui, na ni wengi, sema waziwazi bila aibu na bila kumsema mtu: ncha za mtandio ziingizwe ndani ya koti, mikono ya buibui ikunjwe ndani ya mikono ya koti, na karibu na moto kitambaa cha pamba ni salama kuliko cha nailoni. Ni afadhali mhadhiri wa kike aonyeshe mara moja mwanzoni mwa muhula. Baada ya hapo wanakumbushana wenyewe.

Safari za nje: fuata mwezi

Kozi za biolojia na sayansi ya bahari haziendi bila mikoko na miamba, na hapa Mombasa tuna bahati: Hori ya Tudor iko mlangoni, Mikindani na Port Reitz si mbali, Ghuba ya Gazi kule Kwale ni safari ya asubuhi, na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi iko hapa hapa Mkomani. Basi la kwenda Gazi siku hizi linaweza kupitia barabara ya Dongo Kundu bila kugusa feri.

Tarehe ndiyo inayoharibu safari nyingi. Mratibu anachagua Alhamisi kwa sababu basi lipo Alhamisi, wanafika maji yamejaa hadi kwenye shina, wanapiga picha na kurudi. Panga kwa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Maji hukupwa sana siku moja mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na katika mwambao huu kupwa kwa bamvua huangukia kati ya saa nne na saa sita mchana, saa zinazofaa darasa kabisa. Siku za maji mafu bahari haitoki vya kutosha. Ukitaka njia ya mkato, tazama kalenda ya Kiislamu ukutani: tarehe za mwanzoni mwa mwezi na za katikati, kama 15 hadi 17, ndizo zako. Kisha hakikisha saa yenyewe kwenye jedwali la maji la Bandari ya Kilindini. Kila siku ikipita, saa inasogea mbele kwa dakika kama 50, kwa hiyo kundi la pili likienda siku mbili baadaye lisipewe saa ile ile ya kundi la kwanza.

Kenya ina aina 9 za mikoko. Mwanafunzi akitembea kutoka majini kwenda nchi kavu aone mlilana ukingoni, kisha mkoko wenyewe na mizizi yake ya kuning'inia, kisha muia na mkandaa, na mchu ukiibuka hata kule kwenye mchanga wenye chumvi kali. Wape mstari wa kamba na fremu za mita moja, wahesabu miche; kutembea na kusikiliza tu hakuachi kitu.

Ruhusa ziombwe mwezi mmoja kabla: misitu ya mikoko iko chini ya Huduma ya Misitu, mbuga ya bahari chini ya Huduma ya Wanyamapori. Na wavuvi wa pale, wenye kamati yao ya ufuo, wapelekewe salamu kabla ya basi kufika. Kijana wa kijijini anayejua njia za matopeni alipwe. Ni sehemu ya bajeti, si hisani. Tudor na Mikindani hupokea maji machafu ya mji, hivyo mwenye kidonda mguuni abaki juu akiandika data.

Watu

Fundi wa maabara aitwe kwenye vikao vya kupanga. Sijui idara ilifikaje mahali ambapo mtu anayejua hali ya kila mfereji anapata ratiba ikiwa imeshachapishwa, lakini ndiko tuliko wengi.

Wahadhiri wa muda wanabeba sehemu kubwa ya kufundisha na mara nyingi malipo yao huchelewa. Usiwahubirie uzalendo. Mpe kila mmoja karatasi moja siku ya kwanza: mada za kila wiki, tarehe za majaribio, mgao wa maksi, na jina la atakayemsaidia maabara. Fuatilia barua yao ya mkataba mwenyewe ofisini kwa sababu bila barua hiyo hawalipwi, na asiyelipwa hushikilia maksi.

Mwakilishi wa darasa awe kiungo chako kimoja. Matangazo yote yapite kwake na kwenye mbao. Ukianza kujibu watu 180 kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku, hutafanya kazi nyingine.

Maksi: hapa usilale

Wanafunzi wanaweza kusamehe mhadhara uliokosekana. Maksi zilizopotea hawasamehe, na wako sahihi, maana mtu huchelewa kuhitimu mwaka mzima kwa sababu ya kisanduku kimoja kitupu. Katika sayansi maksi hupotea zaidi upande wa maabara, kwa sababu zinatoka kwa watu wengi: wasaidizi watatu, makundi matano, ripoti sita.

Mgao wa kawaida ni 30 za kazi ya muhula na 70 za mtihani. Tuseme 15 za maabara na 15 za majaribio. Tengeneza lahajedwali moja tu ya yuniti, iliyo mikononi mwako, na kanuni hizi:

Safu ya kwanza ni namba ya usajili, si jina. Mombasa darasa moja linaweza kuwa na kina Fatma Ali watatu na kina Mohamed Hassan wanne, na msaidizi aliyechoka atampa mmoja ripoti ya mwingine.

Kisanduku kisiachwe kitupu. Aliyepata sifuri aandikiwe 0. Asiyekuja aandikiwe neno, kwa mfano HAKUJA, na mwenye cheti cha hospitali aandikiwe RUHUSA. Hili si urembo. Fomula ya wastani kwenye Excel huruka visanduku vitupu na maneno. Mwanafunzi aliyefanya mazoezi mawili kati ya sita akapata 8 na 9, wastani wake utatoka 8.5, juu ya mwenzake aliyefanya yote sita. Jumlisha, kisha gawanya kwa 6. Wenye RUHUSA wahesabu mmoja mmoja kwa mkono.

Ukipanga majina kwa alfabeti, chagua jedwali zima. Ukichagua safu moja tu, majina yatahama na maksi zitabaki palepale, na kosa hilo halionekani kwa urahisi. Kwa hiyo kila Ijumaa hifadhi nakala yenye tarehe, usiandike juu ya ile ya zamani.

Wasaidizi walete maksi ndani ya wiki moja ya zoezi, na ripoti zirudishwe kwa wanafunzi zikiwa zimesahihishwa. Mwanafunzi mwenye ripoti yake mkononi ndiye ushahidi wako wa pili. Wiki ya sita na ya kumi bandika maksi za muhula kwa namba za usajili peke yake. Orodha yenye majina na maksi kwenye kundi la WhatsApp ni kuvunja faragha ya watu, na tangu 2019 kuna Sheria ya Kulinda Data. Wape siku saba za kulalamika kwa maandishi. Malalamiko mengi yatakuwa ya kweli.

Mitihani

Wiki ya sita mhadhiri alete mitihani miwili, wa kawaida na wa marudio, pamoja na majibu yake. Mtindo ulioenea ni swali la kwanza la lazima lenye maksi 30, kisha achague mengine mawili ya maksi 20. Kwa mtindo huo mwanafunzi anaweza kukwepa nusu ya silabasi katika kuchagua, kwa hiyo swali la kwanza liguse mada zote, na katika uhakiki hilo ndilo la kwanza kuangalia. La pili, majedwali: kama swali linataka uzito wa atomi, uzito huo upo kwenye karatasi? La tatu, kaa ufanye mtihani wenyewe. Wa saa mbili ukikuchukua zaidi ya dakika 40, ni mrefu.

Karatasi zikirudi kutoka kusahihishwa, chukua kumi bila kuchagua ujumlishe upya. Kujumlisha vibaya kwenye jalada ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyokiri. Baada ya hapo ni bodi ya watahini na mtahini wa nje. Mpe fomu za mazoezi ya maabara pia, si mitihani mitupu, la sivyo atatoa maoni juu ya nusu ya kozi.

Muhula ukikatika

Mgomo wa wahadhiri wa Septemba hadi Novemba 2025 ulidumu siku 49, na haukuwa wa kwanza. Umeme hukatika, maji hukatika, chuo hufungwa. Mhadhara hufidiwa Jumamosi. Maabara haifidiwi hivyo, kwa sababu zile saa za fundi hazijaongezeka.

Kwa hiyo tangu mwanzo mazoezi yapange kwa daraja tatu: yasiyokosekana (yale ambayo mwanafunzi bila hayo hafai kuingia mwaka unaofuata), yanayoweza kuunganishwa mawili kwa kipindi kimoja, na yanayoweza kugeuzwa uchambuzi wa data zilizokusanywa na darasa la mwaka jana. Data hizo zihifadhi kila mwaka kwa ajili hiyo. Kazi ikirudi, anza na daraja la kwanza bila kujali mpangilio wa silabasi, na kila myeyusho uliokaa kabatini ulinganishwe upya au umwagwe kwa utaratibu. Vyakula vya bakteria vilivyosimama wiki saba usivifungue. Viingie kwanza kwenye otoklevu, ule mtungi wa mvuke wa kuulia vijidudu.

Wiki ya mwisho, wakati wa mitihani, maabara iko wazi na fundi ana nafasi. Rudieni ile hesabu ya mwanzo: vilivyovunjika, vilivyobaki kwa gramu na mililita, zoezi gani lilichukua muda kuliko ilivyopangwa. Andika oda ya muhula ujao kutokana na karatasi hiyo, na iwe imesainiwa kabla fundi hajaenda likizo yake.